Kituo Kidogo Haachi Taa Ikipepesa

Imetamkwa rasmi, kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu kilichokuja na roboti, kwa herufi nene na chini ya picha ya familia ambayo meno yake yote yapo, kwamba taa ya buluu ikiwaka pasipo kupepesa, nyumba imeunganishwa na hakuna tena mpendwa aliye mbali. Tamko hilo halina masharti. Halisemi "huenda". Waliolitunga walikuwa na yakini ambayo kwa kawaida hupatikana kwa manabii na kwa watu wanaouza vitu.

Mzee aliyeletewa roboti alilisoma tamko hilo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akafungua ukurasa wa mwisho, ule wa utatuzi wa matatizo. Huko ndiko alikokuwa akielekea tangu mwanzo.

Ukurasa huo uliandikiwa watu ambao roboti yao imekataa kushika mtandao. Ulionya kwamba ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao ndani ya nyumba, isiwekwe nyuma ya friji, kwa sababu bati hula mawimbi. Mzee akaichukua ruta, akaiweka nyuma ya friji. Ulionya kwamba namba ya siri ya mtandao wenye ulinzi iandikwe kama ilivyo, herufi kubwa iwe kubwa na ndogo iwe ndogo. Akaiandika yote kwa herufi ndogo. Ulionya mtumiaji asije akaizima roboti wakati inatafuta mtandao. Akaisubiri ianze kutafuta, akaizima. Pengine alikuwa mtu wa kwanza kuufuata ukurasa ule neno kwa neno ili apate matatizo, na haki itendeke: ukurasa ulifanya kazi vizuri sana.

Roboti ikabaki pembeni mwa kabati la vyombo, kimo cha mtoto anayeanza shule, na kioo mahali pa uso, na magurudumu mahali pa miguu, na taa ya rangi ya chungwa kifuani ikipepesa. Ilikuwa imesafiri kutoka ng'ambo ndani ya boksi ili ije kushindwa sebuleni.

Majirani walimwita mzee huyo Opereta, na wengi wao hawakujua kwa nini. Walidhani aliwahi kuendesha mashine ya kupasua mawe. Ukweli ni kwamba kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu, aliyetaka kuongea na mji mwingine alipiga kwanza kituoni, na kituoni kulikuwa na ubao mrefu wenye matundu, na chini ya kila tundu kibandiko chenye jina, na juu ya kila tundu kitaa kidogo. Kitaa kikipepesa, maana yake kuna mtu anasubiri. Opereta alishika waya, akauchomeka, akasema, "Kituo Kikuu, nikusaidie," na huko upande wa pili sauti ikaitika. Sauti hiyo, kwa muda mrefu, ilikuwa ya mwanamke mmoja katika mji mdogo kule milimani. "Kituo Kidogo, nakusikia."

Walisikiana hivyo misimu mingi bila kuonana. Opereta aliyajua mafua yake. Alijua siku alizolala vibaya. Walipokutanishwa kwenye semina ya kazi alipita mbele yake asubuhi nzima bila kumtambua, mpaka mwanamke huyo aliposema, mezani, "Samahani, nisogezee sukari." Kikombe kilimponyoka Opereta, na inasemekana hakukiokota, alikikanyaga tu akimpelekea sukari. Mwaka uliofuata Kituo Kidogo alihamishiwa mjini kwa mumewe. Jina la kituo chake lilimfuata.

Ndani ya nyumba yao utani wa kazi haukuwahi kustaafu. "Kituo Kidogo, naomba jikoni." "Jikoni kuna foleni, subiri." Binti yao wa pekee alikulia humo akidhani nyumba zote huongea hivyo. Akitaka kwenda kucheza alisimama mlangoni, akatia kidole sikioni, akaomba aunganishwe na nje.

Lakini kazi ilikuwa na sheria zake, na iliyo kuu alikuwa akiisimamia Kituo Kidogo kuliko wakubwa wake. Opereta hasemi "hayupo". Hasemi "amekataa", hasemi "amehama na mwingine", hasemi "amekufa jana". Husema, "Laini hiyo haijibu, jaribu tena baadaye." Kule milimani palikuwa na bwana mmoja aliyepiga kila wiki kumwomba mwanamke ambaye, kila wiki, aliitwa kituoni, akasimama kando ya ubao na kutikisa kichwa. Kituo Kidogo akamwambia bwana yule kwa upole uleule, wiki baada ya wiki, kwamba laini haijibu. Opereta alimuuliza siku moja kama si ukatili.

"Sisi kazi yetu waya," akajibu. "Moyo una idara yake."

Sheria ya pili ilikuwa fupi zaidi. Opereta akiinuka kwenye kiti, hata kwa maji ya kunywa, alimwambia mwenzake neno moja, "Nishikie." Mwenzake alishika. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa muda gani.

Ugonjwa ulimjia Kituo Kidogo kama mgeni mstaarabu, haukuvunja kitu. Ulianza kwa kuchukua majina ya watu wa mbali, ukahamia kwa majirani, ukapumzika kidogo, ukaendelea. Daktari aliupa jina refu. Kituo Kidogo mwenyewe, ambaye bado siku nyingi alikuwa mzima, alimkalisha mumewe kitandani akamwambia, "Kuna siku nitamsahau na mtoto. Wewe usimwambie."

"Atajua."

"Atajuaje? Yuko huko ng'ambo. Akijua ataacha kazi yake aje hapa kunishangaa. Niahidi."

Opereta akaahidi. Mwanamke aliyeiomba siri hiyo hakukawia kuisahau. Mwanamume akabaki nayo peke yake, kama mtu aliyeachiwa mzigo stendi na abiria aliyekwisha ondoka.

Kituo Kidogo aliamka asubuhi moja akavaa viatu vya kazi na kwenda zamu. Jengo la kituo siku hizi linauza magodoro. Walimkuta ameketi kwenye godoro la maonyesho, mikono magotini, akimsubiri msimamizi. Tangu siku hiyo geti lilifungwa kwa kufuli. Aliposahau choo kilipo, Opereta alitengeneza vibandiko kwa herufi kubwa, kama vile vya chini ya matundu ya ubao: CHOO. JIKONI. CHUMBANI. Kwenye picha ya harusi aliandika HUYU NI MUMEO, na baada ya kufikiri akaongeza WA NDOA. Kwenye picha ya msichana aliyevaa joho aliandika HUYU NI BINTI YAKO. Kituo Kidogo aliisoma kila alipopita, kwa heshima, kama anayesoma tangazo la idara nyingine.

Ajabu ni kwamba kwa simu hakuna kilichoharibika. Simu yao ilikuwa ya vitufe, isiyo na picha. Binti akipiga kila Jumapili, mama yake aliinua simu na kusema kwa sauti safi, "Kituo Kidogo, nikusaidie."

"Naomba Mama!" binti aliitikia, akicheka.

"Subiri kidogo, nakuunganisha." Na akampa mumewe.

"Mama haachi utani," binti alimwambia baba yake. "Watu wa umri wake huku wanakuwa wakali. Yeye anazidi kuwa kichekesho."

"Huyo ni wa kuzaliwa nao," Opereta alijibu, akacheka kwa niaba ya watu wawili.

Ilikuwa mipango mizuri. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na simu ya masafa marefu. Kilichoibomoa mipango hiyo ni upendo, ambao huwa haubishi hodi. Binti alizungushwa na karatasi za ukaazi. Angetoka nchi ile asingeruhusiwa kurudi. Basi akatuma mafundi wa mtandao wakafunga ruta, na nyuma yao akatuma roboti yenye macho, iwezayo kutembea chumba hadi chumba na kumwonyesha sura yake kwenye kioo.

"Nataka kukaa nanyi tu, Baba. Sio kuongea. Mama awe anashona, mimi niko pale pembeni. Nimuone."

Nimuone. Opereta aliangalia ukuta wenye vibandiko, akamwambia kwamba ni wazo zuri sana.

Ndivyo alivyoanza, uzeeni, kazi ya kuwazuia watu wasiunganishwe. Aliifanya kwa uangalifu uleule wa zamani.

"Umeandika namba ya siri vizuri, Baba?"

"Nimeiandika, mwanangu. Inakataa."

"Inasemaje?"

"Inasema samahani."

"Samahani tu?"

"Ina adabu kuliko vifaa vingi."

"Baba, wewe umeunganisha mawaziri. Kiroboti kinakushinda?"

"Mawaziri walikuwa wanataka kuunganishwa."

Binti akacheka, akamwambia azime ruta, ahesabu polepole, aiwashe. Opereta alihesabu polepole bila kuzima kitu. Akamwambia aisogeze roboti karibu na dirisha. Aliisukuma mpaka stoo, na simu ilipokwisha akairudisha penye kabati. Kila jaribio lilipokwisha alikaa kwenye kochi amechoka, maana kusema uongo kwa mtu anayekupigia kwa furaha ni kazi ya kubeba magunia.

Adui wake halisi, hata hivyo, alikuwa ndani ya nyumba. Kituo Kidogo, ambaye hakujua mwezi wala mwaka, alijua taa inayopepesa.

"Kuna mteja anasubiri," alisema siku ya kwanza, akiitazama roboti kifuani.

"Huyo hana haraka."

"Taa inapepesa. Unamwacha mtu na taa inapepesa?"

Opereta akaifunika roboti kitambaa cha kochi. Alipotoka kuoga alikuta kitambaa kimekunjwa vizuri, na mkewe ameketi mbele ya roboti, magoti pamoja, akiiambia, "Pole kwa kusubiri, bwana. Mwenzangu huyu alikuwa hodari zamani. Sijui siku hizi ana nini."

Aliifunika kwa blanketi. Blanketi lilikunjwa. Alibandika plasta ya kidonda juu ya taa. Mwanga wa chungwa ukapita kwenye plasta kama jua linavyopita kwenye pazia, ukazidi kupendeza. Kituo Kidogo alianza kula kidogo, akigeuka kila mara kutazama pembeni. Mtu hawezi kula mteja akiwa anasubiri.

Binti naye hakukaa kimya. Alipata mhudumu wa wateja wa kampuni ya roboti, akamuunganisha kwenye laini moja na baba yake, alasiri moja ya Jumamosi. Opereta akaweka simu mezani kwenye kipaza sauti. Kituo Kidogo alikuwa kwenye kiti chake karibu na kabati, akinyoosha uzi aliokuwa ameunyoosha tangu asubuhi.

"Tunathamini simu yako," alisema mhudumu. "Je, taa ya kifaa chako inaonyesha rangi gani?"

Opereta alitambua mara moja kwamba mhudumu huyo anasoma maneno aliyoandikiwa, na kwamba hapumui akifika kwenye nukta. Alimhurumia kikazi.

"Chungwa. Inapepesa."

"Hongera kwa kutambua rangi. Rangi ya chungwa inayopepesa inamaanisha kifaa kinasubiri namba ya siri ya mtandao wenye ulinzi. Ulinzi huu ni kwa ajili ya usalama wako. Je, unaijua namba ya siri?"

"Iko chini ya ruta, Baba," akadakia binti. "Kwenye stika. Leo isome kwa sauti, tuiandike wote pamoja, herufi moja moja. Leo hatuachani."

Hapo Opereta aliona mlango umefungwa nyuma yake. Kusoma vibaya kwa sauti, herufi moja moja, mbele ya mashahidi wawili, halikuwa jambo rahisi kwa mtu ambaye maisha yake yote alisoma namba kwa usahihi. Alikohoa. Akasema miwani haionekani. Ilikuwa puani.

Geti likagongwa. Msoma mita za maji, ambaye kwa kawaida Opereta humwita mwizi, siku hiyo alikuwa malaika.

"Kuna mtu getini," alisema, akiinuka haraka. Na alipoinuka, kwa mazoea ya mtu aliyeinuka kwenye kiti cha ubao mara zisizo idadi, aligeuka kwa mwanamke aliyekuwa karibu naye na kusema, bila kujisikia akisema, "Nishikie."

Akatoka.

Alikawia getini kwa makusudi. Alimuuliza msoma mita habari za familia yake, jambo lililomtia mtu yule wasiwasi. Alilalamikia presha ya maji, akasifia viatu vyake, akamsindikiza mpaka nyumba ya jirani. Aliporudi, akiwa bado ukumbini, alisikia sauti.

Haikuwa ile sauti ya "Kituo Kidogo, nikusaidie" inayotamkwa kila Jumapili kisha ikakatika. Ilikuwa sauti nzima, iliyonyooka, isiyo na mkunjo. Sauti ya kule milimani.

"...nakusikia vizuri, bibi. Kisanduku hicho kilikuwa nyuma ya friji."

"Nyuma ya friji?" Hiyo ilikuwa sauti ya binti, ikitoka kwenye simu. "Nani amekiweka huko, Mama?"

"Kituo Kikuu. Nimekitoa. Nakusomea, andika. Saba. T kubwa, kama taa. Nane. M kubwa, kama mama. M kubwa tena, kama mama."

Opereta alisimama. Swichi ya umeme wa nyumba nzima ilikuwa ukutani, usawa wa bega lake. Kuinua mkono tu. Umeme ungekatika, ruta ingezimika, mkewe angesahau kabla haujarudi, na ahadi ingeishi mpaka Jumapili ijayo na pengine nyingine.

"Nne. K ndogo, kama kiti. Rudia nisikie."

Mhudumu akarudia, safari hii bila kusoma popote.

"Sahihi," alisema Kituo Kidogo. "Umetamka vizuri. Wengi hawatamki."

Mkono wa Opereta ulikuwa umeshafika kwenye swichi. Ukabaki hapo. Baadaye alijaribu kujieleza mwenyewe kwa nini haukushuka, na alichopata ni sheria tu: opereta haingilii laini ya mwenzake akiwa kazini. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa akisikiliza. Alikuwa hajaisikia sauti ile muda mrefu, na alijua hataisikia tena, na kama mtu mwenye kiu hakuweza kukata maji ili kuokoa nyumba isilowe.

Kupitia mlango aliona vidole vya mkewe. Vilikuwa vikigusa kioo cha roboti upesi na bila kusita, kila herufi mahali pake, kubwa ikawa kubwa, ndogo ikawa ndogo. Taa ya chungwa ikazimika. Ikawaka nyingine.

Na uso wa binti ukajaa kwenye kioo, mkubwa, umelowa machozi ya furaha tayari.

"Mama! Nakuona! Ee Mama, nakuona kabisa! Umekonda. Baba yuko wapi? Mama, ni mimi!"

Kituo Kidogo aliketi wima. Alirekebisha ukosi wa gauni lake. Mteja aliyesubiri sana alikuwa amefika mwisho wa foleni, na alistahili heshima zote.

"Kituo Kidogo, nikusaidie. Unataka kuzungumza na nani, bibi?"

Binti akacheka. Alicheka kile kicheko cha kila Jumapili, akatia kidole sikioni kama alivyofanya mlangoni utotoni. "Naomba Mama yangu, tafadhali."

Hakuna awezaye kusema kwamba Kituo Kidogo hakujaribu. Aliutazama uso ule kwa makini, muda mrefu kuliko opereta yeyote anavyoruhusiwa. Aligeuka akatazama milango, akasoma CHOO, akasoma JIKONI. Akaitazama picha ya harusi. Akaitazama picha ya msichana wa joho, iliyokuwa juu ya bega lake, akaisoma hadi mwisho, midomo ikicheza. Akamwona mwanamume aliyesimama ukumbini, mkono ukutani, akamtikisia kichwa kidogo, kama mtu amjuavyo mfanyakazi wa zamu nyingine. Kisha akarudi kwa mteja, na kwa upole aliompa yule bwana wa kila wiki kule milimani, akasema:

"Samahani, bibi. Laini hiyo haijibu. Jaribu tena baadaye."

Kicheko cha binti kiliendelea kidogo, kama gurudumu linavyoendelea baada ya injini kuzimwa. Macho yake kwenye kioo yalikuwa yamehama kutoka usoni pa mama yake, yakapanda juu ya bega lake, yakafika kwenye picha, yakashuka kwenye kibandiko. Roboti ilikuwa na macho mazuri. Kijitabu kilijisifu kwamba inasoma hata maandishi ya dawa.

"Baba?" alisema.

Opereta alitoka ukumbini. Alikwenda akasimama nyuma ya kiti cha mkewe, akaweka mikono yake kwenye mabega yale, mahali ambapo picha ya msichana wa joho isingeonekana tena, ingawa ilikuwa imekwisha onekana.

"Nimekushikia," Kituo Kidogo alimwambia, bila kugeuka. "Mteja huyu analia. Mpe maji."

"Je, tatizo lako limetatuliwa?" aliuliza mhudumu kutoka mezani.

Kisha aliwashukuru, akaandika kwamba limetatuliwa, na kwa upande wake hakukosea. Pembeni mwa kabati taa ya buluu ilikuwa ikiwaka. Haikupepesa.